Kabla hamjafunga mwamba wa pweza: namna ya kutafuta jibu pamoja

Pweza wakianza kupungua, kila mtu pwani huwa na sababu yake tayari. Wanawake wanaotembea mwambani watakwambia ni wazamiaji wa miwani, wanawamaliza wakubwa huko kwenye maji mengi. Wazamiaji watasema ni wageni wa dago, wavuvi wanaohama kwa msimu na kupiga kambi ufukweni. Mchuuzi atasema bahari imechoka. Afisa uvuvi atasema watu wanavua vitoto. Mtafiti kutoka mjini atataja joto la maji. Nimewasikiliza wote hawa kwa miaka, na sijaona aliyekuwa anasema uongo. Kila mmoja anaeleza kile anachokiona kutoka pale anaposimama.

Mimi ni mratibu wa vikundi vya wavuvi, kusini mwa Unguja. Mama yangu anachokoa pweza tangu kabla sijazaliwa, na kazi yangu mimi ni vikao, ramani na madaftari. Naandika kwa kamati za wavuvi za shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar, chini ya sheha), kwa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za Bara na za Kenya, na kwa vijana wa vyuo wanaokuja kwetu na dodoso mkononi. Kufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue si jambo geni tena. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004, na baadaye yakafuata maeneo mengi ya ukanda huu, Kisiwa Panza kule Pemba na Songosongo kule Kilwa yakiwemo. Kufunga kwenyewe ni rahisi. Kazi ni kufunga kwa namna ambayo mwisho wake kijiji kizima kitajua kilichotokea na kwa nini, na mtafiti naye atajua, na wote watakuwa wanasema jambo moja.

Tungeni swali kabla ya kitu kingine

Mtaalamu akija na swali lake tayari, wavuvi watamjibu, maana watu wetu wana adabu. Lakini watajibu swali lisilowahusu, na majibu yatakuwa ya kumridhisha mgeni. Nimeona watafiti wakikaa wiki nzima wakijaza fomu kwa namna hiyo, wakaondoka, na kijijini hakuna hata mtu mmoja aliyejua walichokuwa wanakitafuta.

Kwa hiyo vikao vya mwanzo visiwe na fomu. Kaeni na makundi mbalimbali: wanawake wa mwambani peke yao, wazamiaji peke yao, wachuuzi peke yao. Wanawake wakikaa pamoja na wanaume kwenye kikao cha kwanza, wengi watanyamaza, na wanaojua zaidi kuhusu pweza wadogo ni wao. Kila kundi liulizwe mambo mawili tu: mmeona nini kimebadilika, na mngependa kujua nini kama mwamba ungefungwa? Andikeni maneno yao kama walivyoyasema. Msiyasafishe.

Halafu ndipo mkutane wote, mtafiti na afisa wakiwemo, mtunge swali moja. Mtafiti kwa kawaida atataka swali hili: tukifunga mwamba huu miezi mitatu, pweza watakaovuliwa siku ya kufungua watakuwa na uzito gani? Ni swali zuri. Lakini wanawake wa kwetu waliongeza nusu ya pili, na nusu hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata: na watafika mikononi mwa nani?

Walikuwa na sababu. Mwamba ukifungwa, anayekosa chakula cha siku ni mwanamke anayetembea kwa miguu, kwa sababu hana chombo cha kumpeleka mwamba mwingine. Mzamiaji anahama tu. Siku ya kufungua ikifika, mzamiaji anaingia mapema na boti, anavua wakubwa, na mwanamke aliyevumilia miezi mitatu anaokota waliobaki. Ukipima kilo za jumla peke yake, utaandika kwamba zoezi limefanikiwa, na nusu ya kijiji itakuona mwongo. Swali likiwa na nusu zote mbili, lazima mpime kilo na mpime pia nani kazipata.

Siku ya kikao, posho na mahali pa kukaa

Angalieni mwezi kabla ya kupanga kikao. Kwetu, bamvua likiwa limeshika, yaani siku za maji makubwa, maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, na kila mwanamke mwenye nguvu yuko mwambani. Ukiitisha mkutano saa nne ya bamvua utapata wanaume na wazee, kisha utaandika kwamba wanawake hawakujitokeza. Wekeni vikao siku za maji mafu, maji yanapopwa na kujaa kidogo tu. Tangazeni kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, maana bamvua linafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ndivyo wavuvi wanavyohesabu siku zao.

Kuhusu posho, semeni mapema na mbele ya wote ni kiasi gani na nani anapata. Kikundi kisichokuwa na fedha kiseme hakina. Penye fedha, mama wa mwambani apewe sawasawa na mjumbe wa kamati. Sioni sababu ya mtaalamu wa ofisi kulipwa kwa siku yake na mtaalamu wa mwamba kuambiwa ajitolee.

Mahali pazuri ni dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, kwenye kivuli, watu wakae duara. Meza ya wageni na viti vya plastiki mbele, wenyeji chini, hapo umeshawaambia watu nani atazungumza.

Ramani

Chukueni kipande kikubwa cha kitambaa cheupe au karatasi za kubandika pamoja, mkitandaze chini. Waanze kuchora wanawake. Wataanza na njia ya kushukia, kisha mkondo wa maji, kisha mawe kwa majina yake. Mwamba ambao kwenye picha ya setilaiti ni doa moja la rangi ya kahawia, kwao una majina kumi na zaidi, na kila jina lina habari: hapa pweza hukaa wakati wa kaskazi, hapa kusi likivuma hapafikiki, hapa maji hayakauki hata bamvua kubwa.

Wazamiaji waongeze upande wa nje, kwenye maji mengi. Mtafiti aje mwisho na kifaa chake cha GPS, atembee na wenyeji kwenye mipaka waliyoichora, achukue nukta. Akianza yeye, watu wataacha kuchora wanachokijua na kuanza kubahatisha anachokitaka.

Mpaka wa eneo la kufunga uwe unaoweza kuonekana na mtu aliye majini bila kifaa chochote. Wavuvi wetu hulenga alama mbili za nchi kavu, mnara wa msikiti na mti mrefu kwa mfano, zikikaa mstari mmoja wanajua wapo wapi. Tumieni hilo, na maboya yawe ya kusaidia tu, kwa sababu maboya huibiwa.

Na usifungwe mwamba wote. Acheni mwingine unaofanana nao, ulio karibu, uendelee kuvuliwa kama kawaida. Huu wa pili nitauzungumzia zaidi huko chini.

Meza ya kupasulia

Kama mtachukua jambo moja tu kwenye maandishi haya, naomba liwe hili. Kabla ya kufunga, wekeni asubuhi moja ya kufundishana, na mwalimu mkuu awe pweza mwenyewe. Wakitoka mwambani, nunueni pweza wachache wa ukubwa tofauti, muwaweke kwenye meza, kila mtu asogee.

Mtafiti aonyeshe anachokijua. Dume hutambulikana kwa mkono wa tatu wa kulia: ukihesabu kuanzia mbele, utauona una mfereji ubavuni na ncha yake haina vikombe vya kunatia. Watu waliovua maisha yao yote hushtuka hapo, na kuanzia siku hiyo wanageuza kila pweza kuangalia. Kisha aeleze maisha yake. Pweza wetu wa mwambani, anayeitwa kisayansi Octopus cyanea, huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu. Huyatundika mayai pangoni, akayalinda mwezi mzima hivi bila kula, na yakishaanguliwa anakufa. Vitoto huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Wakishatua hukua haraka mno, ndiyo maana miezi mitatu inatosha kumgeuza pweza wa kitoweo cha mtu mmoja kuwa pweza wa kuuza.

Sasa wanawake. Wao ndio wanaopasua kichwa na kusafisha, kwa hiyo wao ndio wanaojua jike anaonekanaje ndani anapokaribia kutaga, na ni wakati gani wa mwaka wanawakuta wengi wa namna hiyo. Bibi mmoja alimwambia kijana wa chuo, "Mwanangu, huyu ukimuacha mwezi mmoja humkuti tena, atakuwa kajifungia." Alikuwa anaeleza jike anayejifungia pangoni na kuziba mlango kwa mawe. Akaendelea kueleza namna ya kujua pango lina mwenyewe: magamba ya kaa mapya mlangoni, mawe madogo yaliyopangwa, mchanga uliosafishwa. Kijana aliandika kurasa mbili. Alikuwa amekuja na mpango wa kuhesabu mapango kwa kuchungulia na tochi, na aliubadilisha palepale, akaomba wanawake wawili wawe wahesabuji wake.

Pia ni hapo ndipo tarehe za kufunga zinapopatikana. Mtafiti atazungumza kwa miezi ya Januari na Desemba. Wazee watazungumza kwa kaskazi, masika, kusi na vuli, na wengine bado wanahesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi unaokogwa Makunduchi mwezi wa Julai. Chukueni ukuta mmoja, mchore kalenda zote kwa pamoja, mstari chini ya mstari: miezi ya kawaida, pepo, miongo. Halafu kila kundi liweke alama: majike wenye mayai lini, vitoto vingi lini, bahari chafu lini, bei nzuri lini, Ramadhani na Sikukuu zinaangukia wapi. Dirisha la miezi mitatu litajionyesha lenyewe, na hakuna atakayesema aliletewa.

Daftari

Daftari liwe na safu chache. Sisi tunaandika tarehe (ya kawaida na ya mwezi), jina la mwamba, watu wangapi waliingia, walikaa saa ngapi, walitumia mti wa kuchokolea au mkuki au miwani, kisha kila pweza kwa uzito wake, dume au jike, na mnunuzi alitoa bei gani. Zaidi ya hapo hakuna atakayejaza.

Mambo matatu msiyakosee. La kwanza, pweza apimwe mzima, kabla hajapasuliwa kichwa wala kupondwa, kwa sababu aliyesafishwa ni mwepesi na hesabu zitachanganyika. La pili, mizani ya kuning'iniza ijaribiwe kila wiki kwa kitu ambacho wote wanajua uzito wake. Pakiti ya sukari ya kilo moja isiyofunguliwa inatosha. La tatu, msisahau kuandika idadi ya watu na saa. Kilo mia zilizovuliwa na watu kumi ni habari njema, kilo mia zilezile zikivuliwa na watu hamsini ni habari mbaya, na daftari lisilo na idadi ya watu haliwezi kukwambia tofauti.

Waandishi wawe wenyeji, angalau mmoja mwanamke, walipwe chochote kinachowezekana, na wasiwe ndugu wa mchuuzi mkubwa. Kwa wale wa Bara, kanuni za uvuvi zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Kubalianeni na afisa tangu mwanzo kwamba daftari la utafiti halitatumika kumkamata mtu. Likitumika hata mara moja, hakuna atakayeleta tena pweza mdogo mezani, na mtabaki na takwimu za uongo.

Daftari jingine ambalo watu wanalisahau ni la mchuuzi. Anaandika kilo na fedha kila siku kwa miaka, kwa maslahi yake, na kwa hiyo anaandika kwa makini. Mwombeni kwa heshima. Ndani yake mna madeni ya watu, basi msilipige picha. Kaeni naye, asome yeye kilo za kila siku, nyinyi muandike. Hapo mnapata kumbukumbu za nyuma ambazo hakuna mradi wowote ungeweza kuzilipia.

Mnapobishana

Mtabishana, na ni vizuri. Ubishi ndio mahali ambapo ujuzi mpya hutokea, mradi uandikwe. Chukueni kila madai, chini yake muandike: kama hili ni kweli, tutaona nini?

Chukua joto. Madai haya yana uzito, kwani mwaka 1998 matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi yaligeuka meupe na kufa kwa sababu ya joto, na mwaka 2016 joto kali lilirudi. Wazee wanaikumbuka. Basi kama kinachopunguza pweza ni joto, mwamba uliofungwa na ule mlioacha wazi vitashuka pamoja, maana maji ni yaleyale. Kama ni uvuvi, uliofungwa utapanda na ulio wazi utabaki palepale. Kama ni wageni wa dago, kilo zitashuka kwenye miezi ya ujio wao na zitapanda wakiondoka. Ndiyo kazi ya mwamba wa pili. Bila huo, pweza wakiongezeka hamtajua kama ni kufunga au ni mwaka mzuri tu, na mwaka ukiwa mbaya watu watasema kufunga hakufai.

Nimeona mzee aliyekuwa anapinga sana zoezi zima akitulia alipoona madai yake yameandikwa ukutani kwa maneno yake mwenyewe, sawa na ya mtafiti, na yote yakisubiri kipimo kimoja. Baadaye ndiye aliyekuwa anawauliza waandishi kila jioni hesabu zinasemaje.

Utaratibu huu haukomei kwa pweza. Kule Gazi na Makongeni, pwani ya Kwale, wanavijiji na watafiti wa baharini wa Kenya wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, wanauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Mradi wa namna hiyo hausimami kama kipimo cha mti kinajulikana na mtafiti peke yake. Anayelinda mikoko lazima ajue kinachohesabiwa.

Kibali na makubaliano

Hapa nitapita haraka. Kwetu Zanzibar pitieni kwa sheha, kamati ya wavuvi ya shehia, kisha Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Bara na Kenya ni BMU na serikali za huko. Pamoja na kibali, andikeni ukurasa mmoja kati ya kijiji na mtafiti: daftari la asili linabaki kijijini, yeye anachukua nakala, matokeo yanasomwa kijijini kwa Kiswahili kabla hayajasomwa kwingine, waliohesabu na kupima wanatajwa kwa majina wakipenda. Mtafiti akikataa kusaini, mtafuteni mwingine.

Kufungua

Siku ya kufungua iwe ya bamvua, ili wa kutembea kwa miguu wafike. Wiki moja kabla, someni hesabu za mwamba ulio wazi mbele ya watu wote. Wasiosoma wawekewe maharage: punje moja kilo moja, rundo kwa kila mwezi. Watu wataona kwa macho yao na watauliza maswali ambayo grafu haiulizwi.

Bei ipangwe kabla. Pweza wengi wakitoka kwa siku moja, bei inaanguka mchana huohuo, na faida ya miezi mitatu inaishia kwa mnunuzi. Iteni wachuuzi zaidi ya mmoja, wataje bei hadharani, na mhakikishe barafu ipo.

Kisha lile la nani anaingia kwanza. Kwetu tulikubaliana wanawake waingie mwanzo wa maji kupwa na wazamiaji wasubiri hadi maji yaanze kujaa, na wavuvi wa nje waingie siku ya pili kwa kujiandikisha. Kwenu inaweza kuwa vingine. Lakini amueni kwenye kikao chenye wanawake wengi, na muwe na vituo viwili vya kupimia, kimoja cha waliotembea na kimoja cha waliozamia, ili nusu ya pili ya swali ipate jibu lake kwa tarakimu.

Msitoe hukumu kwa kufunga mara moja. Pweza hubadilika sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo rudieni angalau mara mbili tatu, madirisha yaleyale, safu zilezile. Itisheni kikao cha matokeo maji mafu ya mwanzo baada ya kufungua, kabla watu hawajatawanyika. Wasome waandishi wenyewe, mtafiti asaidie tu pale anapoulizwa. Halafu tungeni swali la pili. Letu limetokana na vile vitoto vinavyoelea: kama mayai ya mwamba wetu yanatua kwa jirani na ya jirani yanatua kwetu, tukifunga peke yetu tunamfugia nani? Hilo haliwezi kujibiwa na shehia moja, kwa hiyo kwenye kikao hicho waalikwe sheha na wanawake wawili watatu wa mwambani kutoka kila upande, na waje na majina ya mawe yao.